Mtaa Mmoja, Fyuzi Moja: Maisha ya Baba Yetu, Mzee Taa Tatu

Ndugu, jamaa, marafiki, na nyie majirani mliojipanga nyuma kabisa kana kwamba hamkualikwa: tunayemzika leo ndiye mhandisi aliyeuletea mji huu umeme wa maji, na wengi wenu hamkuwahi kumwita kwa jina lake. Mlimwita Mzee Taa Tatu, naye aliitika. Mimi ni binti yake wa kwanza. Shirika la umeme lilituletea wasifu uliokwisha kuandikwa, umepigwa chapa vizuri. Mama aliusoma mpaka mwisho, akaukunja, akasema, "Huyu wanayemsema mimi sikuolewa naye. Andika wewe." Kwa hiyo nimeandika mimi, mezani kwetu, mama akiwa pembeni ananisahihisha. Wote mnajua mtaa wetu uko gizani tangu alipofariki, mnajua fyuzi iko mfukoni mwa nani, na mnajua ni swali gani limewaweka huko nyuma. Mnataka kujua kama familia inawalaumu. Mama amenipa jibu lake, nami nitalisoma likifika mahali pake. Naomba asiondoke mtu kabla ya hapo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1938, mtoto wa tatu kati ya sita, katika chumba kimoja cha nyumba za wafanyakazi wa kampuni ya jenereta. Baba yake alikuwa mtia mafuta wa mashine na mama yake alifua nguo za watu. Ukuta wa nyuma wa chumba chao ndio uliokuwa ukuta wa banda la jenereta, kwa hiyo vyombo vilitetemeka rafuni mchana na usiku. Waya zilipita juu ya paa lao kwenda hotelini, ofisini na kwenye nyumba za mlimani. Wao waliwasha kibatari. Marehemu alikuwa akitusimulia kwamba watoto wote sita walilala fofofo katikati ya ngurumo ile, ila mashine ikizimwa ghafla waliamka wote kwa pamoja, wakakaa kitandani wakitazamana. Watu wengine huamshwa na kelele. Wao waliamshwa na ukimya. Alisema hakuwahi kuogopa mashine inayonguruma, alichokiogopa ni mashine kunyamaza.

Alianza shule ya msingi mwaka 1946. Akiwa darasa la sita alitengeneza gurudumu kwa makopo ya mafuta ya kupikia, akaliweka kwenye mtaro wa maji ya mvua nyuma ya ofisi ya mwalimu mkuu, akaliunganisha na dinamo ya baiskeli. Taa iliwaka, lakini kwa unyonge. Ili maji yapate nguvu, aliuziba mtaro kwa mawe na matambara, na kabla ya kengele ya mapumziko ofisi ilikuwa imefurika mpaka viatu vya mwalimu mkuu vinaelea. Alichapwa asubuhi. Mchana mwalimu mkuu yuleyule, miguu mitupu, alimchukua mkaguzi wa elimu na kumpeleka nyuma ya ofisi akaione taa. Baba alilipenda sana tukio hili, na kila alipolisimulia maji yalizidi kupanda. Mwisho wa maisha yake yalikuwa yamefika dirishani.

Kutoka hapo alikwenda shule ya ufundi, kisha akapata nafasi ya kusomea uhandisi nje ya nchi. Alirudi mwaka 1966 na cheti chake, koti lisilofaa kwa hali ya hewa yetu, na sanduku zima la michoro ya mabwawa. Mama yake alipolifungua akitafuta zawadi, alikaa chini akauliza kama mwanawe amekwenda kusoma au amekwenda kuokota karatasi.

Aliajiriwa na kampuni ileile ya jenereta, na hakudumu. Kila mwaka dizeli ilipanda, na kila ilipopanda kampuni iliwakatia umeme walio chini ili walio juu wasipungukiwe. Mwaka 1968 aliacha kazi, akaenda baraza la mji na mchoro wa maporomoko yaliyo juu ya mji wetu. Hoja yake ilikuwa fupi: maji yanashuka bure, mwamba ni wetu, tukitoboa handaki tutapata umeme ambao hata mfua nguo ataumudu. Mwenyekiti wa baraza wa wakati ule alimwambia mbele ya watu kwamba maskini hawahitaji taa, maana hulala mapema. Marehemu alijibu, "Wanalala mapema kwa sababu hawana taa, mheshimiwa. Sio kwamba wana usingizi." Watu walicheka, mwenyekiti akanuna, na mradi ukacheleweshwa kwa sababu ya kicheko kile. Mama ananiambia niandike kwamba ulimi wake ulimponza zaidi ya mara moja. Nimeandika.

Mwaka 1969 alifunga ndoa na mama yetu, ambaye wakati huo alikuwa karani wa duka la vifaa vya umeme. Baba alikuwa na tabia ya kununua balbu moja, kisha kesho yake kuirudisha akidai ni mbovu. Mama aliijaribu, ikawaka, akampa nyingine, nayo ikarudi. Ilipofika balbu ambayo mama hakumbuki ni ya ngapi, alimkazia macho akamuuliza, "Kaka, hebu niambie ukweli. Mbovu ni balbu au ni mnunuzi?" Akasema ni mnunuzi. Walijaliwa watoto watatu: mimi, mdogo wangu wa kiume, na binti wa mwisho. Waliishi pamoja miaka arobaini na miwili, katika nyumba ileile yenye dirisha kubwa la mbele mnayoijua, na waligombana juu ya kila kitu isipokuwa umeme.

Sasa nifike kwenye handaki, na hapa sitapaka rangi. Kazi ya kutoboa mwamba ilianza mwaka 1971. Baba alijua kwamba mwamba ule ukitobolewa mkavu hutoa vumbi linaloingia kifuani na kukaa, na kwamba dawa yake ni kumwaga maji mbele ya mashine wakati wa kutoboa. Pampu ya maji iliharibika mapema, na nyingine ilikuwa haijulikani itafika lini. Kuisubiri kulimaanisha kuachia mvua zije ziufunge mradi, na baraza lilikuwa linatafuta kisingizio cha kuufunga moja kwa moja. Akaamua watoboe mkavu. Uamuzi ulikuwa wake. Hakuwatuma watu yeye akabaki nje. Aliingia nao, akashika mashine kama wao, akatoka mweupe kama wao, kama watu waliomwagiwa unga. Lakini kuingia nao hakukulipunguza vumbi.

Tulikua tukiwaona wale wachimbaji wakipungua. Mmoja alianza kukohoa, akaacha kubeba vitu vizito, akaacha kupanda ngazi, akaacha kutoka nje, kisha tukasikia msiba. Halafu mwingine. Baba alikwenda kwenye mazishi yote. Hakukaa mbele pamoja na wakubwa wa shirika. Alisimama nyuma kabisa, palepale mliposimama nyie sasa, ameshika kofia, macho chini. Katika mazishi ya fundi baruti, mjane wa marehemu yule alipita katikati ya watu, akamshika mkono wa shati, akamwambia, "Njoo mbele. Ulikuwa naye mle ndani." Baba alikwenda mbele. Aliporudi nyumbani hakula siku ile.

Mitambo iliwashwa tarehe 6 Oktoba 1974. Kulikuwa na hotuba, na hotuba zimesahaulika. Kilichobaki ni namna alivyoufanya umeme uwe rahisi. Mita ziliagizwa kutoka mbali na bei yake ilikuwa ya kukata tamaa, kwa hiyo marehemu aliziacha. Kila nyumba ilipewa taa tatu, na taa tatu zilikuwa na bei moja mji mzima, iwe nyumba ya daktari au ya mbeba mizigo. Bei hiyo aliipanga kwa kuulizia mitaani nyumba fukara kabisa inatumia kiasi gani kwa mafuta ya kibatari, kisha akashuka chini ya hapo. Na ili mtu asivute zaidi ya haki yake, kila mtaa aliupa fyuzi moja, ndani ya kisanduku kwenye nguzo ya mwisho. Mmoja akizidisha, fyuzi inaungua na mtaa mzima unaingia gizani.

Vijana wa leo mnaona kama adhabu. Sisi tulikua nayo, ndiyo ilikuwa adabu yetu. Giza likiingia ghafla, kila mtu alisimama mlangoni kwake. Mshika fyuzi wa mtaa alipita nyumba kwa nyumba na hakurudisha fyuzi mpaka aliyezidisha amesema kwa kinywa chake, "Ni mimi." Hapakuwa na faini wala matusi. Ukishasema, unachomoa kilichozidi, fyuzi inarudi, na kesho mnasalimiana kama kawaida. Mkuu wa polisi wa zamani, aliyehamia mtaani kwetu na birika lake la umeme akidhani hakuna atakayemgusa, alisimama mlangoni na taulo kiunoni, povu la sabuni masikioni, akasema "ni mimi" kwa sauti ya mtu anayetoa ushahidi dhidi yake mwenyewe. Mtaa ulimpenda tangu siku hiyo.

Miaka ilivyokwenda mitambo iliongezwa, na wakati wa mvua watu walianza kutumia pasi na redio na televisheni bila shida. Ila kiangazi maji yakipungua, shirika huweka fyuzi ndogo, na mji wote hurudi kwenye taa tatu. Walikuja watu wa kutaka kuununua mtambo. Waliahidi mita kwa kila nyumba na bei ya soko. Marehemu, akiwa meneja, alikataa, akatishiwa, akakataa, akahamishiwa ofisi isiyo na meza, akapeleka kiti chake kwenye nyumba ya mitambo na kuendelea kukataa kutokea huko. Alistaafu mwaka 1998, na mtambo ulikuwa bado wa umma. Mpaka leo ni wa umma.

Kikohozi kilimwanza mwaka 1995. Alikificha, kama wanaume wa umri wake wanavyoficha, kwa kwenda kukoholea uani. Mwaka 2009 daktari alimwonyesha picha ya kifua chake akamwambia mapafu yamekakamaa kwa vumbi la mawe na hakuna dawa ya kuyalainisha. Baba alimuuliza kama ni vumbi lilelile. Daktari hakuelewa swali. Mama alielewa. Wenzake wote wa handaki walikuwa wameshatangulia, yeye ndiye aliyebaki, na njiani kurudi nyumbani alisema, "Basi foleni imenifikia."

Mwaka huu, mwezi Juni, alifika mahali pa kushindwa kumaliza sentensi. Hospitali ilituazima mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani na kuichuja, nayo inahitaji umeme muda wote. Ilikuwa kiangazi. Fyuzi ndogo ilikuwa imeshawekwa. Mashine ile peke yake ilivuta umeme wa nyumba tatu, na mama alijua kwamba baba akisikia hesabu hiyo ataikataa. Kwa hiyo hakumwambia. Alijifunga kanga, akapita mlango kwa mlango kama mshika fyuzi, akaeleza. Hakuna aliyemkatalia. Kila nyumba ilizima taa zake za mbele, ikabakiza moja ya jikoni, na mashine ikawa inanguruma kando ya kitanda cha mume wake.

Kitanda kilikuwa chini ya dirisha la mbele. Mwanzoni mwa Agosti, jua likishazama, alimuuliza mama, "Mbona kwa fundi cherehani hakuna taa?"

"Amesafiri."

"Na kwa mwalimu mstaafu?"

"Siku hizi analala mapema."

"Na kwa muuza maziwa?"

Mama alisema macho yanamsumbua, mwanga unamuumiza. Baba alikusanya pumzi, kisha akasema, "Mama watoto, huu mtaa mzima umekuwa kuku? Jua likizama tu, wote bandani?"

Mama alicheka. Kisha akalia, na hapo baba akajua kila kitu. Alinyoosha mkono kuizima mashine. Mama aliushika mkono ule, wakavutana, wazee wawili, mmoja hana pumzi na mwingine haoni kwa machozi, mpaka nilipoingia. Baba alisema aitwe fundi cherehani, kwa kuwa ndiye mshika fyuzi wetu. Alikuja na utepe wa kupimia shingoni.

"Nani kawaruhusu?" baba alimuuliza.

"Kaka, shikamoo kwanza."

"Marahaba. Nani kawaruhusu?"

"Tumejiruhusu."

"Sheria ni taa tatu kila nyumba. Mimi... nyumba yangu sasa ina tisa."

Fundi akavuta kiti akaketi. "Kaka, nikuulize. Nani alisimama pale kwenye nguzo akatuambia fyuzi hii sio yangu, sio ya shirika, ni ya mtaa? Si wewe? Haya, mtaa umekaa, umeamua. Sasa wewe unakuja kutupangia kama nani?"

Baba aligeuka akaitazama mashine. Akasema, "Basi mkichoka mseme."

"Tukichoka tutawasha," fundi akamjibu, akisimama. "Utaona mwenyewe hapo dirishani." Alisema kwa utani, na baba aliupokea kama utani, akatabasamu. Naliandika neno hili kwa sababu najua ndilo lililomkosesha fundi usingizi wiki hii nzima.

Tarehe 21 Septemba mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa amekuja kutoka kazini kwake, aliita gari la wagonjwa ili baba apelekwe hospitali ya mkoa. Gari lilikuja alasiri likapiga honi na mtaa mzima ukaliona. Baba alikataa kupanda. Muuguzi alimbembeleza, mdogo wangu alimgombeza, mimi nilimpigia magoti. Alisema, "Wenzangu walifia vitandani mwao, hawakuwa hata na mashine. Nami nitakaa kwangu." Sikubaliani na neno lile mpaka leo. Nilimwambia, na alinisikia. Alikuwa mkaidi, na safari hii ukaidi wake ulituumiza sisi.

Muuguzi akasema kama mgonjwa haendi, basi angalau mtu akafuate mtungi wa oksijeni wa akiba, maana umeme wa kiangazi hauna uhakika. Mdogo wangu aliingia nyuma ya gari lile kwenda kuufuata. Alikuwa ameinama anafuta uso. Mlango ulifungwa. Mama alisimama getini akilia, si kwa lolote ila uchovu na hasira. Gari likaondoka.

Hebu simama kwenye mlango wa jirani ulitazame hilo. Gari la wagonjwa limekuja kwa Mzee Taa Tatu, mtoto wake amepanda nyuma, mlango umefungwa, mke amebaki getini analia, gari limekwenda. Yeyote angesema mzee amepelekwa hospitali, na mashine yake imezimwa. Hakuna aliyekuja kuuliza kwa sababu hakuna aliyetaka kumsumbua mama. Na hakuna kati yetu aliyetoka kusema, kwa sababu haikutujia kabisa kwamba kuna la kusema.

Jua lilizama. Baba alikuwa ameegemea mito, mashine inanguruma, mama amemshika mguu, mimi nachemsha maji. Nilimsikia akisema, "Wamewasha." Nilitoka jikoni. Taa ya mbele ya fundi cherehani ilikuwa inawaka. Kisha ikawaka ya mwalimu mstaafu. Kisha ya muuza maziwa, kisha za upande wa pili, moja baada ya nyingine, dirisha kwa dirisha, mpaka mwisho wa mtaa. Tangu Juni hatukuwa tumeuona mtaa wetu. Tulitazama kama wajinga, sote watatu. Uso wa baba ulikuwa na mwanga wa nyumba za watu.

Kisha giza likaingia kote na mashine ikanyamaza.

Nilikimbia nje nikipiga kelele kwamba hajaenda, yuko ndani, zimeni. Mnakumbuka. Milango yote ilikuwa wazi na watu wamesimama kama tulivyofundishwa, na mlipoelewa ninachosema, sauti zilianza kutoka gizani: ni mimi, ni mimi, ni mimi, mtaa mzima. Fundi alikimbilia nguzoni, mwalimu mstaafu akimmulikia kwa tochi. Aliweka fyuzi mpya, ikaungua hapohapo, kwa sababu gizani swichi haikuonyeshi kama imewashwa au imezimwa, na wengine kwa haraka walibonyeza wakidhani wanazima kumbe wanawasha. Aliweka ya tatu. Hiyo ilikaa. Niliporudi ndani mashine ilikuwa inanguruma, na mama alikuwa amelaza kichwa kifuani kwa baba, na baba alikuwa amekwisha kufariki.

Mdogo wangu alifika na mtungi. Alitoka nao mpaka barabarani akawaambia mmemuua. Wote mmesikia, hakuna haja ya kuzungukazunguka. Fundi alikwenda kwenye nguzo, akaitoa fyuzi, akaitia mfukoni, na tangu siku hiyo hakuna nyumba iliyowasha taa. Juzi alimtuma binti wa muuza maziwa kuuliza jambo moja tu. Hakuuliza kama tumesamehe. Aliuliza, "Je, aliona?" Yaani kama alikufa akidhani wamemchoka.

Hili ndilo jibu la mama. Amekuwa nalo siku zote hizi na hakulitoa, kwa sababu, anasema, alikuwa na hasira na nyie, na hasira na mume wake, na alikuwa hajui aanze na ipi. Nalisoma kama alivyolitamka mezani.

"Aliona. Alitazama mpaka mwisho wa mtaa. Hakusema mmemchoka, alisema, 'Afadhali, nilikuwa nawaonea huruma.' Mashine ilipozima, huyu binti yangu akakimbia nje. Mimi nikabaki naye. Aliuogopa ukimya ule, nisiwadanganye, aliogopa sana, alinishika mkono mpaka ukaniuma. Tukasikia mnaita huko nje, ni mimi, ni mimi. Akatikisa kichwa. Akakusanya pumzi yake yote akaniambia, 'Wanakosea. Taa tatu ni haki yao. Aliyezidisha... kamwambie fundi. Ni mimi.' Hakusema tena."

Nimemuuliza mdogo wangu kama niyasome haya. Amesema bado ana hasira, niwaambie hivyo, na pia niwaambie kwamba neno la baba hana mamlaka ya kulipinga.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu saba, dada yake wa mwisho, wajane wa handaki walioketi hapa mbele, na mtaa mmoja uliosimama nyuma. Mama anasema mje mbele. Mlikuwa naye mle ndani.

Na wewe fundi, kanuni unaijua kuliko sisi. Aliyezidisha amejitaja kwa kinywa chake, kilichozidi kimechomolewa. Jioni ya leo tukitoka makaburini, rudisha fyuzi. Naye baba alale kwa amani.